Huenda Thelathini na Moja

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa nakujua hukai. Sisi huku wazima. Bonge ana miezi kumi na moja, meno manne na tabia moja mbaya: akiona kalamu anaitaka. Doa hilo hapo juu ni mate yake, si machozi yangu, kwa hiyo usianze kuwatangazia watu kwamba naonewa. Baba yake hajambo, bado yuko na lori lake, wiki hii nyumbani, wiki ijayo barabarani. Mimi nimechoka tu. Juzi nimefika kazini na soksi ya mtoto imenasa begani, nikazunguka nayo hospitali nzima, na hakuna aliyeniambia mpaka saa sita mchana.

Sasa neno lililonikalisha chini. Kazi yangu unaijua. Mtu anakuja mkono umevimba, nampanga mezani, naenda nyuma ya ukuta, nabonyeza, picha ya mifupa inatoka. Naipiga mimi, lakini kuisoma ni kazi ya Daktari Taa. Tunamwita hivyo kwa sababu kila picha lazima aiinue kwenye taa, hata ile ambayo kipofu angeiona. Anakuja Jumanne na Ijumaa asubuhi, basi. Siku nyingine picha zinamsubiri.

Ijumaa moja mwezi uliopita, Daktari Taa ameshaondoka, aliletwa mwashi aliyeanguka. Nikampiga picha ya kifundo cha mguu. Shangazi, ufa ulikuwa wazi kama ufa wa kikombe. Akaniuliza, "Dada, nimevunjika?" Nikamjibu sentensi niliyofundishwa miaka minane iliyopita: "Daktari atakuambia." Daktari wa zamu akaitazama haraka, akasema huenda ameteguka. Mwashi akautembelea mguu ule siku nne, mpaka Jumanne. Sijaacha kumfikiria.

Sasa baraza linalotuandikisha limefungua mlango. Mpiga picha mzoefu anaweza kupewa idhini ya kusoma picha za mikono na miguu na kuandika ripoti kwa sahihi yake mwenyewe. Masharti ni kusoma picha mia tatu mbele ya Daktari Taa, kila moja aiwekee sahihi kwenye daftari, kisha mtihani mwezi wa Juni. Nimekubaliwa.

Naomba uje Aprili ukae na Bonge mpaka mtihani upite. Huenda nikafaulu, huenda nisifaulu, lakini huenda bila wewe nisifike hata mlangoni. Huenda naomba makubwa.

Mwanao,
Mama Bonge


Tarehe 19 Februari

Mama Bonge, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Barua imenikuta nimesimama, pini sita mdomoni, nikaisoma hivyo hivyo. Ningecheka ningezimeza, kwa hiyo nimecheka puani. Huku wazima. Fundi viatu wa kibanda cha jirani anakusalimu. Bado hana siri hata moja inayokaa tumboni mwake. Ukitaka mtaa ujue jambo, mnong'oneze yeye na umwambie asiseme.

Kwanza, hiyo kazi yako imenitia aibu tena. Uliniambia umeajiriwa kupiga picha, nami nikawaambia watu mwanangu ni mpiga picha. Kosa langu liko wapi? Jana amekuja mama mmoja kupimisha gauni la binti yake, akauliza kama utaweza kuja Desemba kupiga picha za harusi. Nikamwambia, "Yule anapiga za ndani tu." Akasema, "Ndiyo hivyo, ukumbi una paa."

Pili, sielewi kitu kimoja. Miaka minane unaitazama mifupa ya watu, ufa umeuona mwenyewe, halafu unahitaji karatasi ya kukuambia kwamba una macho? Mimi sina cheti cha cherehani. Hakuna baraza lililonikagua. Na hajatokea bibi harusi ambaye gauni langu lilimfumukia mbele ya wageni.

Tatu, nimehesabu. Huenda nne ndani ya pumzi moja. Mtoto wangu, hata mwizi anayejitetea hasemi huenda mara nne. Nani alikufundisha kuongea kama mtu anayekanyaga mayai?

Nitakuja. Begi nimelishusha juu ya kabati. Mwambie Bonge aache kalamu, nitamletea kibweta cha vifungo, avipange kwa rangi. Ila umchunge asivile.

Shangazi yako


Tarehe 4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Bonge amesimama dede Jumapili, akajishangaa, akakaa. Baba yake alikuwa safarini, kwa hiyo nimemwambia amesimama leo, mbele yake, kwa mara ya kwanza. Usinisaliti.

Begi bado liko njiani? Nimefika picha ya mia moja na arobaini. Siku za Daktari Taa nawahi saa moja asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa. Anakaa kwenye stuli, mimi nasimama. Ananipa picha, nasema ninachoona, anaweka sahihi au anaguna. Akiguna natazama upya. Nimeshajua miguno yake mitatu kwa majina.

Ulinirushia swali la cheti, nami nililibeba wiki nzima. Jibu langu ni hili. Cheti hakiniongezei macho. Kinasema tu kwamba nikikosea, mtu ajue pa kunipata. Gauni lako likifumuka, bibi harusi anajua mlango wako. Yule mwashi alirudi na mguu kama tikiti, hakujua amuulize nani, maana mimi niliyeona sikusema, na aliyesema hakuona. Nataka jina langu liwe chini ya neno langu. Kama ni kiburi, nakikubali.

Mama wa ghorofa ya chini ananishikia mtoto asubuhi, lakini ana wake watatu, na Bonge ameanza kurudi na maneno ambayo siyajui. Njoo.

Mwanao


Tarehe 21 Aprili

Mama Bonge,

Wazima. Magauni ni mengi, msimu umenibana. Huenda nikaja mwezi ujao. Kalamu inavuja, usicheke mwandiko. Mbusu Bonge. Soma.

Shangazi


Tarehe 10 Mei

Shangazi yangu uliyekuwa na maneno,

Shikamoo. Mistari minne! Nimeigeuza karatasi nikidhani nyingine iko nyuma. Hata fundi viatu hana salamu? Na tangu lini wewe ukasema huenda? Nilidhani hiyo ni mali yangu.

Mwandiko nimeucheka, samahani. Herufi zako tangu nizijue zinalalia kulia, kama watu wanaokwenda na upepo. Sasa zimelalia kushoto, tena zinapepesuka. Huenda ni kalamu.

Wala sikasiriki kwamba hujaja. Nimekasirika kidogo. Nimekasirika Jumatatu na Jumatano, nikapoa Alhamisi. Picha zimefika mia mbili na themanini. Mtihani ni tarehe kumi na sita Juni, picha hamsini, na kila moja unaandika: umevunjika au haukuvunjika, wapi, na nini kifuatie. Nikifeli narudia mara moja, Novemba. Nikifeli hiyo pia, nasubiri miaka mitatu. Miaka mitatu ya "daktari atakuambia". Sitaki hata kuiwaza.

Kama kuna jambo huko, niambie. Mimi ni mkubwa sasa, nina mtoto na deni la usingizi.

Mwanao


Tarehe 2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Bonge ana meno kumi. Nitakueleza yalivyokuja. La kwanza la juu lilikuja limepinda, nikadhani litabaki hivyo, lakini limejinyoosha lenyewe. Magego ndiyo yaliyomtesa. Alikuwa anauma kila kitu: ukingo wa kitanda, kiatu cha baba yake, kitambulisho changu cha kazi, ambacho sasa kina alama nne juu ya picha yangu. Getini wananiuliza kama nilipigana. Nimemnunulia mpira wa kuuma, hautaki. Anataka kitambulisho. Nikimfichia analia, nikimpa anacheka na kuniangalia usoni kana kwamba anajua ni cha nani.

Mtihani umekwisha. Gego la kushoto bado halijatokeza ila ufizi umevimba, naona wiki hii au ijayo. Baba yake anasema meno yake ni ya upande wa mama. Sijui kama ni sifa.

Wasalimie wote.

Mwanao


Tarehe 15 Julai

Mama Bonge,

Barua hii anaiandika fundi viatu, maneno ni yangu. Miwani yangu imevunjika, nasubiri nyingine, kwa hiyo usishangae mwandiko mzuri.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Meno, mistari kumi na moja. Mtihani, maneno mawili. Hata huenda hakuna, na wewe bila huenda ni kama chai bila maji. Mwanangu, ulipokuwa na miaka tisa ulivunja kioo cha dirisha langu, ukaja kunieleza habari za paka wa jirani mpaka jua likazama. Nilikuacha umalize paka, kisha nikakuuliza swali moja. Nakuuliza tena.

Umefeli?

Ukifeli si mwisho wa dunia. Gauni la kwanza nililoshona lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nililivaa mimi mwenyewe mwaka mzima ili nisisahau. Andika ukweli, kisha ukalale hata nusu saa, mtoto akilala.

Shangazi yako

Na mimi mwandishi nakusalimu sana. Huku kwetu wote ni wazima, isipokuwa yule ambaye nimekatazwa kumtaja.


Tarehe 24 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na salamu maalumu kwa fundi viatu, Mungu ampe maisha marefu na mdomo ule ule.

Ndiyo. Nimefeli.

Ngoja nikwambie nilivyofeli, maana nimeona aibu wiki tano na sasa nimechoka kuiona. Walinirudishia karatasi zangu. Nilitegemea kukuta mifupa niliyoikosa. Hakuna. Kila ufa niliuona, hata ule mwembamba kama unywele kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Lakini mtahini alipita na kalamu nyekundu akizungushia neno moja. Huenda umevunjika. Huenda ni kivuli. Huenda ni mfupa wa zamani. Picha hamsini, huenda thelathini na moja. Chini ameandika: "Mtahiniwa anaona. Hataki kusema."

Nililia chooni, kile cha wafanyakazi, kisicho na kitasa, nimeuegemea mlango kwa mgongo. Daktari Taa aliisoma karatasi, akaguna mguno wa nne, ambao sikuwahi kuusikia. Akasema, "Daktari wa wodini anataka kujua afunge plasta au asifunge. Huenda haifungwi mahali popote."

Hayo ni yangu. Sasa yako.

Miwani yako imevunjika lakini umesoma barua yangu mara mbili, ukahesabu na mistari. Uliisoma kwa pua? Aprili ulisema kalamu inavuja, na karatasi haikuwa na tone la wino. Aliyekatazwa kutajwa ni nani katika nyumba ya mtu mmoja?

Nilikuheshimu tangu ulipoanza kunisuka nywele, na nitakuheshimu mpaka mwisho, lakini barua hii inauliza kwa nguvu. Nini kimeupata mkono wako wa kulia? Usinijibu kuhusu magauni wala kuhusu paka. Na kama umepigwa picha, usinihadithie picha. Nitumie.

Mwanao


Tarehe 6 Agosti

Mama Bonge,

Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na inanichukua asubuhi nzima, basi soma taratibu kulipa jasho langu. Fundi viatu nimemnunia. Alikuja kuomba radhi, akaniambia radhi zenyewe mbele ya wateja watatu.

Nilianguka Machi. Nilikuwa juu ya stuli nashusha jora la kitambaa, jora likawahi, nami nikalifuata. Nikajikinga kwa kiganja. Kulivimba. Nikaenda zahanati, wakapiga picha, kijana aliyenipiga nikamuuliza, "Nimevunjika?" Akaniambia, "Daktari atakuambia." Nikacheka, kumbe ni wimbo mnafundishwa wote. Daktari akasema hakuna kitu, umeteguka, kanda kwa maji ya moto. Nimekanda. Nimekanda mpaka mkono umeiva. Uvimbe umekwisha, maumivu hayajaisha. Mkasi siwezi kuubana. Nashona kwa kubahatisha, na vitambaa nakatiwa na binti wa mtaa wa pili, anakata kama anachimba.

Sikukwambia kwa sababu ungeacha picha zako mia tatu ukapanda basi na mtoto mgongoni. Usibishe. Nilikulea mimi.

Na nilikuwa naogopa, basi, nimeliandika. Mkono huu ndio cheti changu. Sina kingine.

Picha hii hapa, nimeiweka katikati ya vipande viwili vya karatasi ngumu ya kukatia mifano ya mikono ya gauni. Posta waliniuliza kuna nini, nikasema mkono. Sasa niambie umeona nini. Zile huenda baki nazo.

Shangazi


Tarehe 13 Agosti

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo sianzi na Bonge.

Umevunjika.

Ni mfupa mdogo chini ya kidole gumba, una umbo la korosho, na umekatika katikati. Bonyeza kile kishimo kinachotokea ukinyoosha kidole gumba. Ndipo panapouma, sivyo? Mfupa huo una hila. Siku za mwanzo ufa wake mara nyingi hauonekani vizuri, ndiyo maana mtu akiumia hapo hurudishwa baada ya siku kumi apigwe tena. Wewe hukurudishwa. Lakini hata kwenye picha yako ya Machi upo, mwembamba, pembeni. Nimeuona kabla sijafika kwenye taa.

Nilikwenda nayo kwa Daktari Taa Jumanne, Bonge nimembeba kiunoni kwa sababu mama wa ghorofa ya chini alikuwa na mgonjwa. Sikumwambia ni ya nani. Nikasema, "Mwanamke, miaka hamsini na sita, alianguka kwa kiganja, miezi mitano, hawezi kubana mkasi. Umevunjika. Hapa." Akainua picha. Hakuguna. Akauliza, "Huenda?" Nikasema, "Hapana." Bonge naye akasema hapana, ndilo neno lake jipya. Daktari Taa akaweka picha chini, akasema, "Andika nitie sahihi."

Kwa hiyo ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Ripoti nimeiandika mimi, lakini jina lililo chini ni lake, kwa sababu idhini sina bado, na hata ningekuwa nayo nisingemsainia shangazi yangu mwenyewe. Karatasi ya pili ni tarehe ya kuonana na daktari wa mifupa hapa kwetu: Jumanne ya tarehe ishirini na sita. Utapigwa picha mpya. Mfupa haujaunga, kwa hiyo atakufungua mkono na kukutia skrubu ndogo, ndogo kuliko ndoana ya gauni. Ujue mapema, usije ukaninunia njiani.

Sasa nisikilize vizuri. Mei niliona herufi zako zimegeuka upande. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutofautisha kulia na kushoto, niliona, nikaandika "huenda ni kalamu". Hiyo ndiyo ya thelathini na mbili, na ndiyo pekee iliyomuumiza mtu wangu. Sitaisahau, nitaivaa kama lile gauni lako la mkono mrefu.

Sikuombi. Panda basi la tarehe ishirini na nne. Cherehani ifunike, binti wa mtaa wa pili akachimbe kwingine. Utakaa na sisi mpaka mkono upone, na utakaa na Bonge kwa mkono mmoja wakati mimi nasoma kwa ajili ya Novemba. Mkono mmoja unatosha, yeye mwenyewe anatumia mmoja, wa pili una kalamu.

Mwanao


Tarehe 27 Novemba

Mama Bonge,

Marahaba, hata kama bado hujanisalimia. Nimefika salama. Tazama mwandiko: kulia! Unapepesuka kama mtu aliyetoka kuugua, lakini unaelekea kunakotakiwa. Nyumba nimeikuta na vumbi, fundi viatu nimemkuta na habari za miezi mitatu, nimeketi kuzisikiliza siku mbili. Nimemsamehe. Kanilainishia na viatu.

Mwambie Daktari Taa kwamba picha yake ya mwisho ya mkono wangu nimeitundika dirishani dukani. Wateja wanaiinulia shingo. Nawaambia, hiyo skrubu ni mshono wa ndani, hauonekani kwa nje, na hauna mtu wa kuufumua.

Najua majibu bado. Najua uliporudi kutoka kwenye mtihani ulikaa jikoni, ukamlisha Bonge uji, ukazungumza habari za uji. Sikuuliza. Nimekua.

Ndani ya kifurushi kuna koti jeupe. Kitambaa nimekikata mwenyewe, kwa mkasi wangu, kwa mkono wangu. Ni nguo ya kwanza kuikata tangu Machi. Nilikata inchi tatu, nikapumzika, nikakata inchi tatu. Mfukoni nimetarizi maneno mawili, maana nimechoka kuulizwa habari za harusi. MSOMA PICHA. Fundi viatu anasema neno hilo halipo. Nimemwambia sasa lipo, limetariziwa.

Usiniandikie kwamba nilitakiwa kusubiri majibu. Sikusubiri. Ukiwa umefeli utalifumua wewe mwenyewe, kwa kiwembe, herufi moja moja. Mimi kazi yangu siifumui.

Shangazi yako


Tarehe 14 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Bonge anakutafuta kila chumba. Akiona mkono wa mtu yeyote umefungwa bandeji anasema "Bibi" na kukimbilia kuubusu. Nimeshamwondoa juu ya wagonjwa wawili. Vifungo ulivyomletea vyote vipo isipokuwa kimoja cha bluu, na nadhani najua kiko wapi, tunasubiri kitoke.

Jumatatu, siku ya kwanza ya idhini yangu, Daktari Taa hayupo, alikuja mama mmoja amelishika bega la mwanawe wa kike kwa mkono wake mzima, mkono mwingine ameubana kifuani. Ameteleza kwenye ngazi. Nikampanga, nikaenda nyuma ya ukuta, nikabonyeza. Picha ikatoka. Akanitazama, akauliza swali lile lile wanalouliza wote. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe na kusema, "Daktari..." Nikaufunga. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Ndiyo, mama, umevunjika. Ni hapa. Umevunjika vizuri, mfupa haujahama, utafungwa plasta leo hii, sasa hivi, na utapona."

Akashusha pumzi, na binti yake naye akashusha. Akasema, "Ahsante, daktari." Nikamwambia mimi si daktari. Akauliza, basi wewe ni nani? Nikamwonyesha mfuko wa koti.

Herufi ya kwanza imeegemea kushoto kidogo, Shangazi, ile M. Nimeiona tangu nilipofungua kifurushi. Wenzangu wamesema niipeleke kwa fundi ainyooshe.

Nimewaambia koti hili halifumuliwi hata uzi mmoja.

Mwanao,
Msoma Picha